Wino wa Pweza na Rangi ya Ngozi Zetu

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa wana kisomo wa vijiji vya Bukoba na Muleba. Tunayachapa hapa ili na wale ambao hawakuwapo wayasome, na waliokuwapo wayakumbuke.)

Ndugu wasomaji,

Mkulima wa migomba na kahawa wa Kamachumu na Nshamba, tunakusalimu. Mvuvi wa Kemondo, wa Bumbire na wa Goziba, tunakusalimu. Na wewe mama ambaye umefunga duka lako dogo ili upate nafasi ya kusoma gazeti hili, tunakusalimu pia.

Leo tunataka tuzungumze juu ya pweza. Tunajua wengi mtashangaa. Mtasema, "Sisi na pweza wapi na wapi? Pweza yuko baharini, na bahari iko mbali, mwisho wa nchi." Ni kweli. Lakini katika vikundi vyetu vya kusoma liliulizwa swali hili: "Tumesoma kwamba baharini yuko mnyama anayemwaga wino. Je, wino huo ni kama huu wa kalamu? Umetengenezwa kwa kitu gani?" Watu walicheka. Mmoja akasema, "Na huyo mnyama anaununua duka gani?" Tulicheka wote, lakini swali ni zuri sana. Mtu anayeuliza kitu kimetengenezwa kwa nini huyo amekwisha kuelimika.

Basi leo tunalijibu. Jibu litaanzia baharini, litapita jikoni kwa akina mama, na litaishia katika ngozi zetu wenyewe. Hapo mwisho kuna jambo zito linalohusu maisha ya watoto wetu. Kwa hiyo tunawaomba msiishie njiani.

PWEZA NI MNYAMA GANI?

Pweza anaishi baharini, lakini si samaki. Hana mfupa hata mmoja. Ana kichwa, macho mawili makubwa, na mikono minane. Kila mkono una vikombe vidogo vidogo vya kushikilia. Akikushika mkononi, unaona anakunata.

Ndugu yake wa karibu ni ngisi. Na msishangae tukisema kwamba hata konokono wa shambani ni wa ukoo huo huo. Konokono amebaki na nyumba yake mgongoni, pweza hana nyumba. Pweza ana mioyo mitatu. Damu yake ni ya buluu, kwa sababu ndani yake mna madini ya shaba. Damu yetu sisi ni nyekundu kwa sababu ina madini ya chuma.

Ziwani kwetu hayumo. Duniani kote hakuna pweza anayeishi katika maji yasiyo na chumvi. Kwa hiyo mvuvi wetu atavua sangara, atavua sato, atavua dagaa, lakini pweza hatampata hata akitupa nyavu mpaka uzeeni.

Pwani ni habari nyingine. Huko Tanga, Mafia, Kilwa, Unguja na Pemba, pweza ni chakula na ni biashara. Wakati wa bamvua, maji ya bahari yakitoka sana, miamba hubaki wazi. Akina mama wanatembea juu ya miamba hiyo kwa miguu, mkononi wana mti au chuma chembamba, wanachungulia mashimo. Katika baadhi ya vijiji, kama Songosongo huko Kilwa na Kisiwa Panza huko Pemba, wanakijiji wamejiwekea utaratibu wa kufunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa. Pweza hukua haraka sana. Miamba ikifunguliwa wanakuta pweza wakubwa. Ni mpango mzuri, nasi watu wa ziwani tungeweza kuuzungumza siku nyingine.

WINO UNATOKA WAPI?

Pweza ana maadui wengi. Yuko papa, yuko pomboo, yuko na samaki mrefu kama nyoka anayeitwa mkunga. (Huyu si yule mkunga anayezalisha akina mama. Huyu ana meno.) Na pweza hana mfupa, hana gamba, hana pembe. Atajiokoa vipi?

Kwanza, anaweza kubadili rangi ya ngozi yake afanane na jiwe. Pili, anaweza kukimbia kwa kupuliza maji kwa nguvu kupitia kibomba kilicho chini ya kichwa chake. Tatu, ana wino.

Ndani ya mwili wake, karibu na ini, kuna mfuko mdogo. Ndani ya mfuko huo kuna tezi. Tezi ni kiungo cha mwili kinachotengeneza kitu fulani, kama vile tezi za mate zinavyotengeneza mate. Tezi hii inatengeneza wino kidogo kidogo, na mfuko unauweka akiba. Siku ya hatari ikifika, pweza anaubana mfuko. Wino unatoka, unachanganyika na maji, unapulizwa nje kwa kile kibomba.

Pweza anautumia kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kutengeneza wingu jeusi, kama moshi wa majani mabichi. Adui haoni mbele, na pweza anaondoka. Namna ya pili ni ya ujanja zaidi. Anachanganya wino na ute mwingi. Wino haupotei majini, bali unashikamana na kuwa bonge linaloelea. Adui akiliona bonge hilo anadhani ndilo pweza, analirukia. Kumbe mwenyewe amekwisha kubadili rangi na kwenda zake. Ni kama mtu aliyekamatwa koti, akalivua, akamwachia koti yule aliyemkamata.

UMETENGENEZWA KWA KITU GANI?

Sasa tulijibu swali lenyewe. Katika wino wa pweza mna vitu vikubwa viwili.

Kitu cha kwanza ni rangi nyeusi. Rangi hiyo jina lake ni melanini. Lishikeni neno hilo, me-la-ni-ni, maana tutalitumia mpaka mwisho.

Kitu cha pili ni ute, ule mtelezi unaofanana na kamasi. Ute ndio unaoifanya rangi ishikamane.

Zaidi ya hivyo mna maji, na vitu vingine vidogo vidogo kama vile vipande vya protini. Protini ni ile sehemu ya chakula inayojenga mwili. Inadhaniwa kwamba baadhi ya vitu hivyo vinamchanganya adui katika kunusa, kwa hiyo haoni vizuri na hanusi vizuri.

Lakini melanini yenyewe inatengenezwaje? Hapa ndipo tunapoingia jikoni. Akina mama, ninyi mnaifahamu kazi hii kabla ya wanasayansi. Mnapomenya ndizi za kupika, mnazitumbukiza wapi? Mnazitumbukiza katika maji. Kwa nini? Kwa sababu mkiziacha wazi zinageuka nyeusi. Na vidole vyenu je? Mnajua wenyewe, utomvu ukikauka vinakuwa vyeusi, na kuvisafisha ni kazi.

Sasa tazameni. Ndizi mbichi ukiikata, ndani ni nyeupe. Weusi ule haukuwamo, umetengenezwa pale pale mbele ya macho yako. Ndani ya ndizi mna kitu kisicho na rangi. Mna na kitu kingine kinachoitwa kimeng'enya. Kimeng'enya ni kama chachu: kinachochea kazi ifanyike haraka, lakini chenyewe hakiliki. Ndizi ikiwa nzima, vitu hivi viwili havikutani. Kila kimoja kinakaa katika chumba chake. Kisu kikipita, kuta za vyumba vile zinabomoka. Vinakutana. Na hewa inaingia, ikiwa na oksijeni, ile sehemu ya hewa tunayoihitaji tunapovuta pumzi. Hapo weusi unatokea. Mkitia ndizi majini, mnazuia hewa isifike. Kumbe kila siku mnafanya sayansi bila kuandikiwa cheti!

Pweza naye anafanya hivyo hivyo katika mfuko wake. Anaanza na kitu kinachoitwa tirosini. Hiki ni kipande cha protini, kimo katika maharage, samaki, maziwa na nyama. Halafu ana kimeng'enya kinachoitwa tirosinasi. Kimeng'enya hiki kina shaba ndani yake. Kinaichukua tirosini, kinaiunganisha na oksijeni, nayo inabadilika hatua kwa hatua. Mwisho vipande vingi vinashikana na kuwa chembe nyeusi. Hiyo ndiyo melanini. Kimeng'enya cha ndizi nacho kina shaba, na hivi viwili ni vya ukoo mmoja.

Chembe hizo ni ndogo mno. Chembe za wino wa ngisi, ukizipanga mstari mmoja zikigusana, zinahitajika 5,000 au zaidi ili zitimize milimita moja. Milimita moja ni ile alama ndogo kabisa katika rula ya mtoto wa shule.

Ingawa ni ndogo, zinadumu ajabu. Huko Uingereza wanasayansi walipata mifuko ya wino ya wanyama wa jamii ya ngisi iliyogeuka kuwa jiwe. Wanyama hao waliishi zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita. Mwaka 2012 wanasayansi walitangaza kwamba wameipima rangi ile, wakakuta ni melanini, inayofanana na ile ya ngisi wa leo.

JE, NI WINO WA KUANDIKIA?

Zamani ulikuwa. Wagiriki na Warumi wa kale waliandika kwa wino wa ngisi. Hata leo katika nchi kama Italia na Hispania watu wanapikia wali na tambi kwa wino wa ngisi, chakula kinatoka cheusi, nao wanakula kwa furaha. Kwa hiyo wino huu si sumu kwa binadamu.

Lakini wino tunaoutumia sisi ni wa aina nyingine. Wino mweusi wa kuchapia magazeti hutengenezwa kwa masizi yaliyochanganywa na mafuta. Masizi ni kama yale yaliyoko chini ya sufuria. Kalamu ya risasi haina risasi, ina kitu cha ukoo wa makaa. Wino wa kalamu ya kawaida ni rangi za kiwandani. Na ule wino tunaopakwa kidoleni siku ya kupiga kura una dawa iliyotengenezwa kwa madini ya fedha. Mwanga ukiipiga inageuka nyeusi, ndiyo maana hautoki kwa kunawa. Tena uko ule wa kupigia dole gumba. Huo wengi wetu tumekwisha kuuaga, maana sasa tunaandika majina yetu wenyewe.

WINO HUO HUO UMO MWILINI MWETU

Ndugu zangu, hapa ndipo tulipokuwa tunakwenda. Ile melanini iliyomo katika mfuko wa pweza, imo ndani yenu. Jitazame mkono. Weusi ule ni melanini. Jitazame nywele. Ni melanini. Rangi ya jicho lako ni melanini. Mwili wako unaanza na tirosini ile ile, na unatumia kimeng'enya cha jina lile lile, tirosinasi, chenye shaba.

Pweza anaitumia melanini kumkimbia adui. Sisi tunaitumia kuzuia jua. Ndani ya ngozi kuna viwanda vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinatengeneza melanini na kuigawa kwa ngozi iliyo jirani. Kila chembe hai ya ngozi ikipata mgawo wake, inauweka juu ya kiini chake kama mwavuli. Jua likipiga, linapiga mwavuli, haliunguzi kiini.

Mzungu naye ana viwanda hivyo, na idadi yake inakaribia kuwa sawa na yetu. Tofauti ni kiasi na aina ya melanini inayotolewa. Na mzee anapoota mvi, maana yake viwanda vya nywele vimepunguza kazi au vimefungwa.

Hapa tuseme neno moja juu ya mkorogo. Wako watu wanaojipaka dawa za kujichubua ili wawe weupe. Nyingi za dawa hizo zina zebaki au haidrokwinoni. Zinafanya nini? Zinaizuia tirosinasi isifanye kazi. Yaani mtu ananunua dawa ya kuutoboa mwavuli wake mwenyewe, naye anaishi hapa karibu kabisa na Ikweta! Tena zebaki inaingia mwilini na kuharibu figo. Vipodozi vya namna hiyo vimepigwa marufuku nchini. Tusivinunue, na tusiwapake watoto.

ANAYEZALIWA BILA WINO WA KUTOSHA

Sasa jiulizeni: je, kiwanda kikikosa kufanya kazi tangu tumboni mwa mama? Mtoto atazaliwa na ngozi nyeupe, nywele za rangi ya manjano au nyeupe, na macho yasiyopenda mwanga. Huyo ndiye mtu mwenye ualbino. Yeye ana viwanda, lakini havitoi melanini, au vinatoa kidogo sana. Kwa wengine ile tirosinasi yenyewe ndiyo mbovu. Kwa wengi wa huku Afrika Mashariki tirosinasi ipo, ila mahali inapofanyia kazi hapako sawa. Ni kama mpishi hodari aliyewekwa katika jiko lenye kuni mbichi.

Hali hii inatokana na urithi. Tutumie mfano wa mbegu. Mtoto anapotungwa, anapata mbegu moja ya rangi kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mbegu moja nzuri inatosha kumpa rangi. Kwa hiyo baba anaweza kuwa mweusi kabisa, naye amebeba mbegu moja isiyofanya kazi, bila kujua. Mama naye vile vile. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mwenye ualbino. Si kwamba watatu wa kwanza watakuwa na rangi na wa nne hana. Hapana. Kila mimba inaanza hesabu upya.

Mmeelewa maana yake? Maana yake ni kwamba mbegu imetoka kwa wote wawili. Baba anayemfukuza mkewe na kusema, "Huyu mtoto si wangu, umetembea na Mzungu," anasema asilolijua. Bibi anayesema ni laana ya ukoo naye hajui. Hakuna aliyekosa. Hakuna mkono wa mtu. Ualbino hauambukizwi kwa kushikana mikono, kwa kulala kitanda kimoja, wala kwa kula sahani moja. Hapa Tanzania inakadiriwa kwamba katika kila watu 1,400 hivi, mmoja ana ualbino.

UONGO UNAOUA

Ndugu wasomaji, sasa tunafika mahali penye uchungu. Tangu miaka ya 2006 na 2007, hasa huku Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa. Wengine wamekatwa mikono wakiwa hai. Mwaka 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Wengi tulidhani mambo haya yamekwisha. Lakini mwishoni mwa mwezi wa Mei mwaka 2024, hapa hapa Muleba, mtoto mwenye ualbino ambaye hakuwa ametimiza hata miaka mitatu aliporwa nyumbani kwao. Mwezi wa Juni mabaki ya mwili wake yakapatikana. Nchi nzima ilisikitika. Sisi wa Kagera aibu hii ni yetu, na kazi ya kuifuta ni yetu.

Wanaofanya ukatili huu wameambiwa kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino vinaleta mali. Eti mvuvi atapata samaki wengi, mfanyabiashara atapata wateja, mchimbaji atapata dhahabu. Sisi tumesoma, basi tulipime neno hili kama tulivyopima wino wa pweza. Tuulize: mwilini mwa mtu huyu mna kitu gani ambacho kwangu hakimo?

Damu yake ni nyekundu kama yako. Mfupa wake ni mweupe kama wako. Nyama, moyo, ini, vyote ni sawa. Tofauti ni moja tu: melanini imepungua. Kupungua si kitu. Debe ambalo halijajaa halina kitu cha ziada ndani yake. Nani amewahi kutajirika kwa kuuza kitu ambacho hakipo?

Labda mtu aseme nguvu iko katika melanini. Basi wale akina mama wa Kilwa na Pemba wanaovua pweza wangekuwa matajiri kupita wote, maana melanini imejaa ndani ya kikapu. Lakini bado wanakwenda miambani kila bamvua, jua linawapiga, miguu inachubuka. Na kama kukosa rangi nyeusi kungekuwa ni utajiri, mzee mwenye mvi angelala juu ya noti.

Samaki wa ziwani wanapatikana kwa nyavu halali na kwa kuyatunza mazalio. Ndizi zinapatikana kwa samadi. Mali nyingine yote aliyoahidiwa mtu usiku, kwa siri, kwa damu ya mtoto wa mwenzake, ni uongo. Anayenufaika ni yule anayepokea fedha za ramli.

Na watu wenye ualbino ni watu wa kazi kama sisi. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Ndugu Salum Bar'wani kuwa mbunge wao, naye ana ualbino. Dakta Abdallah Possi, mwanasheria, aliteuliwa kuwa Naibu Waziri mwaka 2015, na mwaka 2017 akateuliwa kuwa Balozi nchini Ujerumani. Naye ana ualbino. Kama wazazi wao wangewaficha ndani, nchi ingekosa watumishi.

TUFANYE NINI?

Maneno matupu hayatoshi. Tunapendekeza mambo matano, ambayo kila kijiji kinaweza kuyafanya.

1. Tumlinde na jua. Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana, shati la mikono mirefu, na suruali au gauni refu. Kazi za shamba azifanye asubuhi na jioni. Yako mafuta maalumu ya kuzuia jua. Aina moja, inayoitwa Kilisun, hutengenezwa hapa nchini, huko Moshi. Ulizeni katika zahanati au kituo cha afya namna ya kuyapata.

2. Tusidharau kidonda. Watu wenye ualbino hupata saratani ya ngozi mapema, wengine wakiwa bado vijana. Kidonda kisichopona, au kipele kinachokua na kutoa damu, kionyeshwe hospitali mara moja. Kikitibiwa mapema kinapona. Kikicheleweshwa kinaua.

3. Tumpeleke shule. Melanini inahitajika pia katika kuliumba jicho. Ndiyo maana macho ya mtoto huyu hayaoni mbali, na mara nyingi yanachezacheza. Asiyeona ubao si mjinga. Mwalimu amweke mbele, mahali pasipo na mwanga mkali. Bukoba tunayo Shule ya Msingi Mugeza, ambayo imepokea watoto wenye mahitaji maalumu, wakiwamo wenye ualbino. Lakini shule ya kijijini kwako nayo ni yake. Mlango usifungwe.

4. Tuwe walinzi. Asiende kisimani peke yake. Asirudi shule peke yake. Majirani wajue nyumba hiyo, na kelele zikisikika usiku watu watoke. Mtoto wa jirani ni mtoto wa kijiji.

5. Tuseme. Ukisikia mtu anauliza-uliza habari za mtoto huyo, anataka kujua analala wapi au wazazi wanatoka saa ngapi, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mtendaji wa kijiji, au polisi. Usiseme "hayanihusu." Na kama anayeuliza ni ndugu yako wa damu, bado sema.

MANENO YA MWISHO

Wazee walisema, usilolijua ni kama usiku wa giza. Pweza akiogopa, anamwaga giza ili ajifiche nyuma yake. Hatumlaumu, ndivyo alivyoumbwa, na hana silaha nyingine. Lakini mpiga ramli naye anamwaga giza. Anasema maneno mazito yasiyoeleweka, ili usione kwamba nyuma yake hakuna kitu. Tofauti ni kwamba sisi tunajua kusoma. Tunaweza kuuliza, "Kimetengenezwa kwa kitu gani?" na kungojea jibu.

Tunawaomba jambo moja. Gazeti hili usilifungie maandazi kabla halijasomwa. Lisome kwa sauti nyumbani kwako, baba asikie, bibi asikie, na vijana wanaokwenda kuvua visiwani wasikie. Kama katika kijiji chenu yuko mtu mwenye ualbino, mwalikeni katika kikundi chenu cha kusoma. Kama haoni vizuri, msomeeni.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja vitu viwili vikubwa vilivyomo katika wino wa pweza. Kila kimoja kina kazi gani?
2. Kwa nini ndizi zilizomenywa hutiwa katika maji? Mfano huu unatufundisha nini juu ya melanini?
3. Baba mweusi na mama mweusi wanawezaje kupata mtoto mwenye ualbino? Elezeni kwa mfano wa mbegu.
4. Mtu akikuambia kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino kinaleta mali, utamjibu nini?
5. Katika kijiji chenu, nani atamsindikiza mtoto mwenye ualbino kwenda na kurudi shule? Pangeni majina leo, na kila mmoja aandike la kwake kwa mkono wake.